Mayai ya Kopo

"Bi Somoe, ni kweli unaatamia vinyonga?" jirani aliwahi kumwuliza. Mjane huyo hakukana. Alikuwa ameyafukua mayai kabla wachimba choo hawajayaponda, akalitia kila yai alama ya mkaa juu asije akaligeuza, akayafukia kwenye kopo la mchanga, na kwa miezi saba akaunyunyizia maji mchanga huo.

Leo shemeji yake, mwenye nyumba, aliingia. "Tupa mkosi huu, shemeji, au uhame."

"Aliyeyaumba hajaniambia niyatupe."

"Basi nitayatupa mimi."

Akalinyakua kopo. Yai moja lilikuwa limepasuka, na kinyonga mwembamba kama njiti ya kiberiti akapanda kidole chake, akakikumbatia.

"Usimtikise," Bi Somoe alisema. "Mpeleke kwenye majani, ana kiu."

Shemeji aliliweka kopo chini, akatoka, mkono ameunyoosha mbele kama aliyebeba kikombe kilichojaa.