Picha Mbichi

Mgeni aliingia studio bila kubisha hodi, akaweka mezani picha ya marehemu mkewe.

“Huyu si Mwamize. Kovu la shavuni liko wapi?”

“Nililifuta, baba,” alisema Shani, mpiga picha.

“Basi nipe ile mbichi, kabla hujampaka poda.”

“Picha mbichi hatutoi. Na hiyo yake aliniapisha mwenyewe, nisimwonyeshe mtu.”

“Mtu! Mimi ni mtu, mwanangu? Mimi mumewe! Kovu lile ndilo nililokuwa nikilibusu.”

Machozi yalimlenga Shani. Picha ilikuwa pale kwenye kompyuta, lakini hakuifungua.

“Niwie radhi, baba. Nilimwahidi.”

Mzee alisimama mlangoni peke yake, akipitisha kidole juu ya shavu lile laini la pichani, taratibu, kutoka sikioni hadi kidevuni.