Hazina Chini ya Kitanda cha Bibi

Nungunungu mwenye tamaa alirithi shimo la bibi yake, na hakuwa amesahau maneno ya marehemu: "Hazina yangu nimeilaza chini ya kitanda." Basi akamwita jirani yake Muhanga, fundi wa kuchimba.

Wakachimba mpaka kucha zikagonga kitu kigumu, cha mviringo.

"Sanduku!" alipiga kelele Nungunungu. "Ni langu peke yangu!"

"Lako? Na jasho langu?" alifoka Muhanga.

Wakaling'ang'ania, huyu akivuta huku, yule kule. Mara sanduku likatoa kichwa.

"Taratibu, wajukuu zangu," likasema. "Mvua zimeanza? Rafiki yangu aliahidi kuniamsha. Yuko wapi?"

Kumbe alikuwa Kobe, aliyelala tangu kiangazi. Muhanga akaangua kicheko, akaenda zake. Nungunungu hakuweza kucheka.

"Bibi amefariki, babu," alisema polepole.

"Aliimba vibaya mno," Kobe akasema, "lakini hakuna asubuhi aliyoacha kuimba."

Akauanza wimbo wenyewe, akiukosea palepale bibi alipokuwa akiukosea. Nungunungu, aliyedhani ameshausahau, akajikuta anaitikia.