Dua ya Kufungulia Darsa

Profesa Bereki alilikuta darasa tupu. Nje ya kizingiti alisimama Shekue, kitukuu wa Bi Mwanakheri, yule aliyeziweka nyumba zake wakfu ili kodi ya wapangaji imlipe profesa wa Kiarabu hapo chuo kikuu. Bibi huyo aliacha sharti moja: siku darsa litakapokosa msikilizaji, uprofesa ufe, nyumba zirudi kwa warithi.

Mwanafunzi wa mwisho alikuwa amezikwa juzi.

"Ingia ukae, mwanangu," profesa alisema.

"Nimekuja kushuhudia tu, Maalim. Kusikiliza sitasikiliza."

Shekue akajitia vidole masikioni.

Profesa akalifungua darsa kama walivyolifungua wote waliomtangulia, kwa kumwombea Bi Mwanakheri na kifungua mimba wake, aliyekufa kwa ndui akiwa bado anajifunza Kiarabu. Kwa ajili ya mtoto huyo ndipo mama alipoziacha nyumba. Aliitwa Shekue, na ukoo ukalirithisha jina lake mpaka likamfikia huyu wa mlangoni.

Shekue huyu aliiona midomo ya mzee ikilitamka jina hilo. Hakuhitaji kusikia, jina lake angelijua mdomoni mwa mtu yeyote. Akavikandamiza vidole mpaka masikio yakamuuma.

Dua ikaisha. Profesa hakuishusha mikono. Alibaki ameinyanyua mbele ya madawati matupu, macho yake kwa Shekue, akingoja kuitikiwa amin.