Mayai Nyuma ya Picha ya Harusi

"Gusa picha hiyo uone!"

Mama mkwe alishusha ufagio kwa mshangao. Mke wa mwanawe, fundi cherehani mpole aliyemeza matusi yake kwa miaka minne, leo alikuwa amesimama mbele ya picha ya harusi, mkasi mkononi, macho yamemtoka.

"Unanitishia mimi kwa sababu ya mayai ya mjusi?"

"Ndiyo, Mama. Yaache yaanguliwe."

Yalikuwa nyuma ya picha, mawili mawili, meupe, yamenata kwenye fremu. Mijusi kafiri wa nyumba ile walikuwa na pahala pao. Akitaga mmoja, wenzake humfuata palepale, kisha kila mmoja hujiendea zake na kuliachia joto kazi iliyobaki. Siku moja mke alimwona jike kwenye kioo cha dirisha, mayai mawili yakionekana ndani ya tumbo lake kama njegere, akaacha kushona, akalia. Tangu hapo akapiga marufuku picha kuguswa. Mwenye ruhusa ya kuchungulia alikuwa mumewe tu, mtu mrefu, mfanyakazi wa duka la dawa. Kila asubuhi alimletea mkewe chai kitandani, na habari pamoja nayo: "Bado, mke wangu. Tuvumilie."

Wanawake wa jirani waliionea wivu chai hiyo. Waume zao hata kuwasha jiko hawajui.

"Hata mijusi wanazaa humu ndani!" mama mkwe alifoka. "Wewe je? Kazi yako kushona sare za watoto wa wenzio! Mwaka huu ukiisha hujashika mimba, mwanangu anaoa mwingine. Na mchumba yupo."

Mke akamgeukia mumewe, aliyekuwa mlangoni. Alitaka neno moja tu. Hata "Mama, basi" ingetosha.

"Mama ameshasema," mume alijibu, akitazama viatu vyake. "Sasa mimi nifanyeje?"

Mwanaume mzima, ndevu tele kidevuni, na jibu lake ndilo hilo!

Hasira zikampanda mke. Miaka minne ya kupimwa, ya kuambiwa na kila daktari kwamba hana tatizo lolote, ya kurudi nyumbani na kuitwa tasa, na bado anyamaze!

"Basi tunatoka wote," alipiga kelele akiishika picha, "mimi na mijusi!"

"Usiiguse!" Mume alimrukia.

Alichelewa. Picha iling'oka pamoja na msumari wake, ikapiga sakafu, mayai yakapasuka. Kutoka nyuma ya ubao wa picha zikamwagika pakiti za vidonge vya kuzuia mimba, tupu, na kikaratasi chenye unga mweupe wa vidonge vilivyosagwa.

Mama mkwe alifungua kinywa kumlaani mkwewe. Lakini mwanawe alikuwa ameshapiga magoti, anaufuta unga ule kwa mkono wa shati.