Tangi Moja au Mawili

Garth alimpakatisha mkewe dumu la lita ishirini lililojaa maji, aonje uzito wa mafuta ya ziada, akamwambia ajifanye yuko angani.

Merilyn alikuwa amekaa ndani ya ndege isiyokwenda popote, katika banda lao nje kidogo ya mji wa Yarram. Mumewe alikuwa ameiunda kwa mikono yake kwa miaka sita. Sasa kulibaki mfumo wa mafuta tu, na hapo ndipo ndoa ilipokwama.

Garth alitaka tangi moja dogo, mbele ya miguu ya rubani, juu kidogo ya usawa wa injini. Mafuta yateremke yenyewe, bila pampu, maana pampu isiyokuwepo haiharibiki. Merilyn alitaka matangi mawili makubwa, moja katika kila bawa.

"Mabawa yenyewe yako chini ya injini," Garth alisema. "Mafuta hayapandi mlima bila pampu. Halafu kuna swichi ya kuchagua tangi. Nikisahau kuigeuza, injini inazimika, tunaogelea baharini."

"Basi usisahau," Merilyn alisema. "Na niondolee hili dumu, magoti yanakufa ganzi."

Sababu yenyewe Garth hakuitaja. Mama yake Merilyn, Bi. Nola, alifuga kondoo ng'ambo ya bahari, katika Kisiwa cha Flinders. Anayeruka kwenda kisiwani hubeba mafuta ya kurudia pia, kwani akikuta ukungu umefunika uwanja hana pengine pa kutua. Matangi mawili yangetosha kwenda na kurudi, na akiba juu. Tangi moja lisingetosha hata kwa dua.

Kwa ndege ya abiria walimtembelea Bi. Nola kila Krismasi. Kwa ndege yao, Merilyn alikwisha kupanga, wangekwenda kila Jumamosi.

Krismasi iliyopita Garth alipokewa kwa ngazi na ndoo ya rangi kabla hajaonja chai. Alipaka paa siku mbili, akalishwa ndege wa baharini mwenye mafuta na shombo la samaki, na kila alipoongeza chakula mama mkwe alilitazama tumbo lake akaguna. Jumamosi hamsini na mbili za namna hiyo zingemmaliza.

Akaenda kwa Desmond, fundi mkaguzi wa klabu ya marubani, mzee aliyemjua Merilyn tangu utotoni na ambaye neno lake Merilyn hakulipinga. Alimweleza shida yake yote, mwanamume kwa mwanamume, akamsihi aunge mkono tangi moja. Alitarajia kufukuzwa, kwa kuwa Desmond mwenyewe aliruka na matangi ya mabawani na kuyasifu kila mkutano. Mzee alijikuna kidevu, akatazama dari, akasema atakuja kesho. Garth alishangaa jinsi jambo lilivyokuwa jepesi.

Kesho yake Desmond alichora kwa chaki sakafuni, akamwonyesha Merilyn kila kiungo cha bomba kinachoweza kuvuja na kila pampu inayoweza kuzimika juu ya maji yenye papa. Merilyn alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifuta macho.

"Mama atavunjika moyo," alisema. "Kila nikimpigia simu, kitu cha kwanza ananiuliza ndege imefikia wapi."

Garth aliona haya. Nusura aseme ukweli, lakini akakumbuka ile ngazi, ulimi ukarudi mahali pake. Kabla mkewe hajabadili mawazo alikwisha kulifunga tangi, akawasha injini, nayo ikanguruma vizuri kama paka aliyeshiba.

Siku hiyohiyo alibeba katoni ya bia kwenda kumshukuru Desmond karakanani. Mzee alikuwa na grisi hadi viwiko, simu ameiweka juu ya meza na spika ameiwasha. Garth alisimama mlangoni.

"Limeshafungwa, Nola," Desmond alikuwa akisema. "Tangi moja. Huko hawafiki."

"Mungu akubariki, Des," sauti ya mama mkwe ilijibu. "Lakini usilale. Yule mkwe wangu ananipenda kupita kiasi; akianza kuulizia matangi ya mabawani, mtie hofu na yeye."