Mkono Kwenye Komeo

Komeo la mlango lililia katika giza la alfajiri: mama mkwe wa Akwii alikuwa amelirudisha. Akwii akasimama, amemshika binti yake mkono. Alitaka kuwahi chanjo zahanati kabla malori ya mpakani Malaba hayajaziba njia.

"Hiyo sindano ya saratani ya kizazi ni ya wasichana wabaya," mama mkwe alisema. "Huyu ni mtoto!"

"Ndiyo maana anachanjwa sasa, Mama, kabla hajajua mwanaume. Kirusi cha saratani hiyo hupita kitandani, na mtu hukaa nacho miaka bila dalili. Hata mke mwaminifu huletewa na mumewe."

Mkono wa mama mkwe, uliomwogesha binti yake mwenyewe, mpaka saratani hiyo hiyo ikamchukua, ulibaki juu ya chuma cha komeo.

Msichana akakunja mkono wa sweta.

"Nyanya, shangazi hakuwa mtu mbaya."