Kiunzi cha Dirisha la Mama

Siku hizo madirisha ya nyumba yalikuwa programu za kompyuta ya mezani, na kila fundi alichagua kiunzi cha kuyajengea. Kiunzi kimoja kilionyesha kilichopo nje. Kingine kilichora chenyewe, kwa kumbukumbu za mwenye nyumba. Kabula alipomjengea mama yake hakusita kuchagua hicho cha pili, maana nje palikuwa na ukuta mtupu.

Dirisha lilipofunguka, wote wawili walipigwa na butwaa. Alizeti zilitanda hadi upeo wa macho, na katikati yake marehemu baba alikuwa akipalilia. Akainuka, akampungia mkewe aje.

“Mungu wangu!” mama akanong'ona. Akavaa kandambili, akajifunga khanga kiunoni.

“Mwanangu, na mlango umeujengea kiunzi gani?”